Injini Yangu ya Gesi



Nimeombwa niseme machache juu ya injini yangu ya gesi kule Kileo. Baadhi yenu mmesikia kwamba inamwagilia shamba. Wengine, kwamba nusura iniletee msiba. Yote mawili ni kweli.

Kileo ni tambarare chini ya milima ya Upare, na mahindi yasipomwagiliwa hukauka. Petroli ya pampu yangu ilipopanda bei, niliukazia macho mtungi wa jikoni. Wazo si geni: injini ya mipigo minne aliyoitengeneza Otto, Mjerumani, mwaka 1876, iliendeshwa kwa gesi.

Kosa la kwanza, nilipitisha gesi kwenye kabureta kwa mpira na koki tu. Injini ikinguruma, inazima. Sikujua kwamba inahitaji kidhibiti maalumu kinachofunguka injini inapovuta, na kujifunga inapozima. Kile cha jiko hakifanyi kazi hiyo.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Pampu niliiweka shimoni, karibu na maji. Siku moja injini ilizima na koki ikabaki wazi. Gesi ya mtungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu au zaidi. Haikupaa, ilituama shimoni kama maji. Mpwa wangu akashuka kuiwasha. Harufu iliponifikia, alikwisha shika kamba.

"Iache! Panda juu!"

"Kuna nini, Mjomba?"

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nafikiri ningemwambia nini dada yangu.

Nilifunga kila kitu nikamtafuta fundi. Leo pampu iko juu, mahali penye upepo, kidhibiti kimefungwa, mtungi umesimama wima kando, ili utoke mvuke, si gesi ya maji.

Ndugu zangu, uzito wa gesi tulifundishwa sote katika fizikia, hapa hapa. Katika mtihani nililijibu swali hilo vizuri. Shimoni nililisahau. Anayetaka kujaribu kama mimi na aanze kwa kufungua daftari lake la zamani, kisha amwite fundi, ndipo afungue koki.