Mkojo wa Mgonjwa wa Ini: NGAL, Hadubini na Wagonjwa wa Mwambao wa Kigoma



Mgonjwa wa ini anayeletwa wodini kutoka Kibirizi, Katonga au Ujiji, tumbo limejaa maji na mikono imebaki mifupa, hutupoteza kwa jibu moja la maabara: kreatinini "ya kawaida". Kreatinini hutokana na misuli, na misuli yake imekwisha, hivyo jibu huonekana zuri hata figo zikiwa zimelegea. Ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya 2015 kuhusu figo za wagonjwa wa ini yanaangalia mabadiliko ya kreatinini: kupanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kwa asilimia 50 ndani ya siku 7. Anayepimwa mara moja tu hajapimwa.

Figo zikishalegea, tuulize sababu. Huenda mwili umepungukiwa maji kwa kuhara, kutapika damu au kuzidishiwa furosemaidi. Huenda ini limevuruga mzunguko wa damu hadi mishipa ya figo ikajikaza. Hapo figo haijaharibika, imenyimwa damu. Au mirija yake imekufa hasa, kwa maambukizi makali au kwa dawa. (Muulizeni mgonjwa kuhusu diklofenaki ya dukani, mara nyingi hasemi mpaka aulizwe.) Wa kwanza anahitaji maji. Wa pili anahitaji albumini pamoja na terlipresini au noradrenalini. Wa tatu dawa hizo hazimfufulii mirija, na maji mengi yatamjaa mapafuni.

Hapa ndipo protini ya NGAL inapotufaa: mirija ikijeruhiwa, huongezeka kwenye mkojo ndani ya saa chache. Watafiti wa Barcelona walichapisha mwaka 2019 kwamba, ikipimwa siku ya tatu tangu figo zigunduliwe kulegea, kiwango cha mikrogramu 220 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo hutenganisha vizuri mirija iliyokufa na sababu nyingine.

Naiheshimu namba hiyo, ila siikubali iwe sheria ya Kigoma. Ulaya, sirosisi nyingi ni ya pombe na homa ya ini C. Kwetu ipo homa ya ini B, na chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa watu wazima hawakuipata. Kipo pia kichocho cha tumbo cha ziwani. Hicho huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini bila kuleta sirosisi kamili, na kinaweza kuumiza vichujio vya figo vyenyewe. Isitoshe, seli nyeupe za damu zimebeba NGAL, hivyo maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha hata mirija ikiwa salama.

Wakati huohuo, hadubini inayosaka mayai ya kichocho inaweza kuonyesha, katika mashapo ya mkojo, vipande vya rangi ya matope vyenye umbo la mirija iliyokufa. Sharti mkojo uwe mbichi, uzungushwe kwenye mashine, uangaliwe mara moja. Ukiachwa mezani mpaka jioni, vipande hivyo huvunjika.

Mradi wa NGAL ukija mkoani, napendekeza wenye homa ya ini B na wenye makovu ya kichocho wasichanganywe, kila sampuli ichunguzwe kwanza maambukizi, na hadubini isomwe sambamba na msomaji asiyejua jibu la NGAL. Kama kipimo kipya hakibadilishi matibabu zaidi ya hadubini, fedha zake zinunue albumini.