Ukaguzi Mkubwa wa Ndege Ndogo Huchukua Siku Ngapi?

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa Mikinduri mbele ya wazee, wazazi na vijana)



Hapa Mikinduri kila mtu ajua maana ya haraka. Miraa ikisha kuchumwa hupoteza nguvu zake kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo hufungwa katika majani ya mgomba, ikapelekwa mbio mpaka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ipate kusafirishwa Somalia. Basi si ajabu kwamba mzee mmoja aliyefika huko aliniuliza, "Mwanangu, nimeona ndege ndogo ya mtu imewekwa bandani, vifuniko vimefunguliwa, nayo haikutoka kwa mwezi mzima. Je, mafundi wamelala?" Swali lake ni jema, nami nitalijibu leo.

Ndege ya namna hiyo, kwa mfano Cessna 172 yenye viti vinne, haiwezi kuruka bila cheti cha kustahili kuruka. Desturi hii si ya Kenya peke yake. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka wa 1944 chaagiza kila ndege ivukayo mipaka iwe na cheti hicho. Kwa hiyo kila mwaka ndege hukaguliwa yote, toka rafadha, yaani lile panga lizungukalo mbele, mpaka ncha ya mkia. Zaidi ya hayo, mafuta ya injini hubadilishwa kila baada ya saa 50 hivi za kuruka, na ikitimiza saa 100 hukaguliwa tena.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kwanza fundi husoma madaftari ya ndege, apate kujua yaliyotengenezwa zamani na maagizo ya usalama yaliyotolewa na waundaji na serikali. Pili hufungua vifuniko, viti na sakafu. Tatu huosha injini, hupima nguvu ya kila silinda, hukata chujio la mafuta kutafuta vipande vya chuma, huvuta kamba za waya ziendazo kwenye mabawa na mkia, na kumulika taa kila pembe akitafuta kutu na nyufa. Nne hutengeneza yaliyoharibika. Tano hufunga, huwasha injini, hujaribu, kisha hutia sahihi.

Kufungua, kutazama na kufunga huweza kumalizika kwa siku mbili mpaka tano, kama ndege ni ndogo na imetunzwa vizuri. Kazi inayokula wiki ni ile ya nne. Silinda moja ikionekana mbovu hupaswa kung'olewa, na nyingine kuagizwa, pengine kutoka Marekani. Kwa maana ndege za Cessna hutoka huko, na injini nyingi za ndege ndogo zatoka kiwanda cha Lycoming huko Williamsport. Tena injini yenyewe ina umri wake. Kwa namna nyingi za injini zake, Lycoming hushauri zifunguliwe zote na kufanywa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12. Kazi hiyo si ya siku, bali ya wiki nyingi au miezi.

Kwa hiyo fundi mwaminifu hawezi kuahidi siku ya kumaliza kabla hajafungua. Wazee wa Njuri Ncheke hawakati shauri kabla ya kusikia pande zote mbili. Naye fundi hakati shauri kabla ya kuona ndani.

Wengine husema, "Lakini lori hutengenezwa kwa siku moja." Ni kweli. Lakini lori likiharibika katika njia ya kwenda Meru, dereva hulisimamisha kando, hukata matawi akayaweka barabarani, akamtuma turniboi kutafuta fundi. Juu ya milima ya Nyambene hakuna kando ya njia. Twasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko juu hakuna wakati wa kujenga ukuta.

Tena haraka yenyewe huzaa ajali. Fundi anayesukumwa huweza kusahau bisibisi ndani ya bawa, au kufunga kamba za usukani kinyume. Ndiyo maana usukani ukiguswa, mtu wa pili hutazama kazi ile upya naye akatia sahihi yake.

Hata hivyo, si kila kuchelewa kuna haki. Wako wenye karakana wanaopokea ndege nyingi kuliko mafundi wao, na wako wenye ndege wanaoileta siku ya mwisho ya cheti. Mwenye ndege mwenye busara huileta mapema, madaftari yote yakiwa kamili. Hupatana kwa maandishi bei ya ukaguzi mbali na bei ya matengenezo, na hudai orodha ya makosa yote katika wiki ya kwanza, ili vyuma viagizwe pamoja, si kimoja kimoja.

Huenda mtu akauliza, "Yatuhusu nini sisi, tusio na ndege?" Yatuhusu sana. Mwaka wa 1957 matabibu watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha kazi ya madaktari warukao, na tangu hapo wagonjwa wengi wa mahali pa mbali wamepona kwa sababu ndege ilifika. Siku ukiambiwa kwamba ndege haitaruka kwa kuwa fundi hajatia sahihi, usimkasirikie rubani, wala usimpe mtu chochote ili sahihi itiwe.

Nanyi vijana, kazi hii yahitaji watu. Hisabati, fizikia na Kiingereza mnavyofundishwa ndivyo vitakiwavyo na chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga na ufundi wa ndege kilichoko Embakasi, Nairobi. Mwenye kupenda kutazama kitu mara mbili, na asiyeona haya kusema "bado", huyo atafaa.

Basi mzee wangu, jibu ni hili: mafundi hawakulala. Miraa haingoji, lakini ndege hungojwa.