Harufu ya Ganda la Chungwa na Hasara ya Mkulima

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mtu akilibinya ganda la chungwa karibu na mwali wa taa, huona cheche ndogo zikiruka. Yale ni mafuta yatokayo katika ganda, nayo ndiyo yenye harufu ijulikanayo na kila mtoto wa Muheza.

Mafuta hayo hukaa katika vifuko vidogo vilivyomo katika tabaka la nje la ganda. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ni limonini, ambayo kila molekuli yake ina atomu 10 za kaboni na 16 za haidrojeni. Lakini limonini peke yake haitoshi kulitambulisha chungwa; harufu yake hasa hukamilishwa na vitu vilivyomo kwa uchache sana, kama oktanali na dekanali. Limau nalo lina limonini, bali hutambulikana kwa sitrali, ambayo pia hupatikana kwa wingi katika mchaichai.

Je, elimu hii yamfaa nini mkulima? Yamfaa sana, kwani mafuta yapendezayo puani ni sumu kwa ganda lenyewe. Kifuko kikipasuka, mafuta humwagika na kuziua chembe hai zilizo jirani. Siku ya kuchuma doa huenda lisionekane. Baadaye hujitokeza alama ya kahawia iliyobonyea. Nyama ya tunda ni nzima, lakini mnunuzi hulitenga, na hasara humrudia mkulima.

Vifuko hupasuka kwa urahisi zaidi alfajiri na baada ya mvua, wakati ganda limejaa maji. Kwa hiyo yapasa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, wachumaji wangoje umande ukauke. Pili, wakate vikonyo kwa mkasi, wala wasitikise mti. Tatu, machungwa yasirushwe, wala matenga yasishindiliwe.

Katibu apokeapo mazao anacho kipimo kisichonunuliwa, nacho ni pua yake. Tenga likinukia sana kabla ya kumenywa hata tunda moja, ajue kwamba vifuko vimekwisha kupasuka. Hapo awaulize wachumaji walichuma saa ngapi, na awaeleze sababu ya kuuliza.