MACHO YA MAMA MJAMZITO MWENYE KISUKARI

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda wapo watakaouliza macho ya mama mjamzito yanahusiana vipi na mizani, magunia na daftari la wanachama. Jibu haliko mbali. Katika vyama vingi katibu ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba nyumba fulani inatafuta nauli ya hospitali, kwa sababu ndiye anayefuatwa kuombwa fedha kabla ya malipo ya mazao. Basi ni lazima yeye na kamati yake wajue safari ipi yaweza kungoja na ipi haiwezi. Safari inayozungumzwa hapa ni ya zile zisizoweza kungoja, ingawa anayetakiwa kusafiri hana maumivu yoyote na bado anaona vizuri kiasi cha kutunga uzi katika sindano.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Watu wamezoea kumpeleka daktari mgonjwa anayelalamika. Mama mwenye kisukari ambaye macho yake yameanza kuharibika kwa kawaida halalamiki, kwa kuwa hana cha kulalamikia. Siku atakapoona kasoro, mara nyingi madhara yamekwisha kwenda mbali.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, upo utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika. Mingine hutoa vijivimbe na kuvuja, mfano wa mfereji wa shambani uliotobolewa na fuko, mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu huudai mwili damu, na mwili huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Mtu angedhani hiyo ni heri, kumbe sivyo. Mishipa hiyo ni dhaifu, huota mahali isipotakiwa, hupasuka upesi na kumwaga damu ndani ya jicho, kisha huacha makovu yawezayo kuivuta retina hadi ikabanduka. Aidha, maji yakivujia katikati ya retina, mahali panapotumika kusoma na kutambua nyuso, macho huingia ukungu.

Ugonjwa huu si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo mbele, na lenzi hiyo yaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Retina haina ya akiba. Wala ugonjwa huu hautibiwi kwa miwani ya mnadani, na majani yanayokamuliwa katika jicho hayafiki nyuma huko. Yanaweza tu kuongeza kidonda mbele.

Sasa inakuja mimba. Katika miezi tisa homoni za mwili hubadilika, damu huongezeka na mzunguko wake hubadilika, na presha yaweza kupanda. Kwa mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba, mambo hayo huweza kuuharakisha ugonjwa wa macho, hata ukasogea kwa miezi michache mwendo ambao pengine ungechukua miaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwafuatilia wanawake 155 wenye kisukari tangu mwanzo wa mimba zao. Kwa wale walioanza mimba bila dalili yoyote katika retina, ugonjwa ulisogea kwa karibu mmoja katika kila kumi. Kwa wale walioanza wakiwa na ugonjwa wa kadiri au zaidi, ulisogea kwa zaidi ya nusu yao. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama huyu si kama anaona, bali ni hali ya retina yake siku mimba ilipoanza. Hakuna awezaye kulijibu swali hilo kwa kumtazama usoni.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Wapo akina mama ambao hawakuwa na kisukari, nacho kikawajia katika mimba. Hao kwa kawaida hawapati ugonjwa huu wa retina katika mimba hiyo, na hawahitaji ratiba ile ile ya macho. Hata hivyo wapimwe sukari tena baada ya kujifungua, kiasi cha wiki 6 hadi 12, kwani hatari ya kupata kisukari cha kudumu ni kubwa kwao. Na kama sukari ilikutwa juu sana mapema katika mimba, daktari atataka kujua kama si kisukari cha siku nyingi ambacho hakikugunduliwa. Huyo naye atazamwe macho. Mazungumzo haya yanamhusu hasa mama aliyeingia katika mimba akiwa tayari na kisukari, na zaidi yule aliyeishi nacho miaka kumi au zaidi, au mwenye presha.

Wazee wanaokumbuka habari za zamani watasema kwamba mwenye kisukari hakuwa akizaa. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921 hilo lilikuwa karibu na kweli. Wengi hawakuishi hata kufikia kushika mimba. Insulini ilipopatikana waliishi, wakazaa, na miaka iliyoongezeka ndiyo iliyoleta ugonjwa wa macho. Kwa muda mrefu daktari aliyeona mishipa mipya katika jicho la mjamzito hakuwa na mengi ya kumpa, na wengi walishauriwa waitoe mimba au wasizae kabisa. Mwaka 1976 majaribio makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba kuichoma retina kwa mwanga mkali, katika sehemu zake za pembeni, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa. Matibabu hayo siku hizi hufanywa kwa leza, na mjamzito aweza kuyapata bila ya mtoto kudhurika. Zipo pia sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho, lakini hizo kwa kawaida huepukwa katika mimba. Hivyo maneno ya zamani kwamba mwenye kisukari achague mtoto au macho yamepitwa na wakati, ilimradi uchunguzi uwahi.

Uchunguzi wenyewe si wa kuogopesha. Mama hutiwa matone ya kupanua mboni, hungoja kidogo, kisha daktari huangaza ndani na kutazama retina au huipiga picha. Hakuna kisu. Kwa saa kadhaa baadaye ataona ukungu na jua litamuumiza, kwa hiyo aende na mtu wa kumshika mkono, avae kofia au ajitande kanga, wala asirudi kwa kuendesha baiskeli. Achukue na chakula. Mwenye kutumia insulini akikaa foleni mchana kutwa bila kula, sukari huweza kushuka hadi akaanguka. Vijiko vichache vya sukari katika karatasi mfukoni vimewaokoa wengi.

Kuhusu ratiba, mwongozo unaofuatwa Uingereza hutaka macho yatazamwe mara baada ya hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito, isipokuwa kama yalitazamwa ndani ya miezi mitatu iliyotangulia. Yakikutwa na ugonjwa yatazamwe tena kati ya wiki ya 16 na ya 20. Na kila mmoja atazamwe tena wiki ya 28. Bora kuliko yote ni kutazamwa kabla ya kushika mimba, ndipo matibabu ya leza yakihitajika yafanywe kwa utulivu na sukari ishushwe polepole. Jambo hili linawahusu waume pia, kwa kuwa kupanga uzazi hakufanywi na mtu mmoja.

Lipo jambo linalohitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu limewapotosha watu wenye nia njema. Mama ambaye sukari yake ilikuwa juu kwa muda mrefu, ikashushwa kwa haraka mimba ilipogunduliwa, macho yake yaweza kuzidi kidogo kwanza kabla ya kutulia. Madaktari wanalijua hilo. Nyumbani lakini huonekana hivi: mama aliongezewa insulini, na baada ya wiki kadhaa akaona ukungu, basi mama mkwe na majirani husema sindano ndiyo inayompofusha, na mama huacha. Kuacha huko ni hatari kubwa kuliko ukungu wenyewe. Sukari ikiachwa juu katika miezi ya mwanzo, mtoto aweza kuumbika na kasoro au mimba kuharibika, na mama mwenyewe aweza kupoteza fahamu na kufa. Zaidi ya hayo, si kila ukungu unatoka kwenye retina. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika kwa muda, na mtu aliyenunua miwani wiki hiyo atakuta haimfai mwezi ujao. La kufanya ni kurudi kwa daktari aliyempa insulini, huku akiendelea kuitumia, na kutazamwa retina mapema zaidi. Kwa maneno mengine, hatari hiyo ndiyo sababu ya kutazama macho mara kwa mara. Sio sababu ya kuiacha dawa.

Zipo dalili ambazo zikitokea haifai kungoja tarehe ya kliniki: vitu vyeusi vinavyoelea mbele ya jicho kwa ghafula, pazia jeusi linaloshuka upande mmoja, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda, au jicho kuacha kuona. Na mjamzito yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho, akiumwa kichwa sana, akaona vimulimuli, akavimba uso na mikono, apelekwe siku hiyo hiyo. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba.

Baada ya hayo, turudi kwenye ofisi ya chama. Mimba haifuati msimu. Mama wa nyumba ya kahawa au pamba aweza kutakiwa hospitali mwezi ambao ghala ni tupu na malipo ya pili hayajulikani yatakuja lini. Zahanati nyingi hazina daktari wa kutazama retina. Itabidi kwenda hospitali ya mkoa, au zile kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, au Bugando ya Mwanza. Nauli ni ya watu wawili, na pengine kulala. Katika nyumba nyingi hisa na stakabadhi ziko kwa jina la mume, hata kama mikono iliyochuma ni ya mke. Mume akisema wangoje mavuno, safari imekwisha.

Katibu mwenye huruma hushawishika kuchukua fedha za mazao zilizomo kasikini na kuandika baadaye. Hilo lisifanyike kabisa. Fedha za mazao ni za wote, na upungufu wa kasiki haupungui kwa kuwa ulitokana na wema. Njia halali zipo. Mkutano mkuu waweza kutenga sehemu ndogo ya ziada iwe mfuko wa matibabu, ukaandikwa kanuni zake: nani aombe, kiasi gani, kamati iidhinishe ndani ya siku ngapi, na mkopo ukatwe katika malipo yapi. Kifungu kimoja kiwe wazi, kwamba mke wa mwanachama aweza kuomba mwenyewe kwa kuonyesha barua ya kliniki, bila kungoja sahihi ya mume aliye safarini. Pale penye chama cha akiba na mikopo, mkopo wa dharura utosheleze uchunguzi huu hata kama mgonjwa hajalala kitandani. Wajumbe wengi wa kamati huuona mgonjwa anayetembea kuwa si dharura. Katika ugonjwa huu mwenye kutembea na kuona ndiye mwenye dharura, maana ndiye ambaye bado ana cha kuokolewa.

Wala habari ya mama huyo isitangazwe mizanini. Katibu aandike kiasi na tarehe. Aina ya ugonjwa ibaki katika barua ya kliniki.

Yule ambaye macho yamekwisha punguka nguvu anahitaji msaada wa kila siku zaidi ya pole. Alama za bomba la insulini ni ndogo, na kosa la mistari michache laweza kumwangusha. Mtu mmoja wa nyumbani, hata mtoto anayesoma, afundishwe na muuguzi kuzisoma, naye azisome mbele ya dirisha lenye mwanga. Njia ya kisimani usiku isiwe yake. Dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha, azipeleke kliniki zitazamwe, kwani baadhi hazifai katika mimba. Kuhusu kujifungua, ugonjwa wa retina peke yake haumlazimu kupasuliwa. Daktari wa uzazi na wa macho washauriane mapema, na barua ya macho iwekwe pamoja na kadi ya kliniki.

Mtoto akizaliwa, nyumba husherehekea na kliniki ya macho husahaulika, kwa kuwa sasa nguo na maziwa vina madai yao. Hatari hata hivyo haikomi siku ya kujifungua. Yaweza kuendelea hadi mwaka mmoja. Kwa hiyo kamati inapoidhinisha mkopo wa safari ya kwanza, ni vema iandike papo hapo katika daftari lake tarehe ya safari ya baada ya kujifungua, na nauli yake itengwe kabla mkopo wa kwanza haujaanza kukatwa.