Hati ya Uongo Haijiandiki

Hotuba kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa



Tumesimama mbele yenu kusema jambo ambalo katika mikutano ya siasa husemwa nusu tu. Tunapolaani unyakuzi wa ardhi, humtaja mkubwa aliyenyakua, na ni haki atajwe. Lakini mkubwa huyo hachori ramani ya kiwanja, haandiki mkataba wa mauzo, wala muhuri wa Msajili haukai mfukoni mwake. Kazi hizo hufanywa na watu waliosoma, ambao vyeti vyao vimetundikwa ukutani. Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo.

Sisi watu wa Pwani tuliufahamu mapema uzito wa karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba na viwanja wajitokeze kudai milki zao mbele ya afisa wa Serikali ya kikoloni. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Tangu hapo karatasi ikawa na nguvu kuliko kaburi la babu na mnazi alioupanda. Basi anayeghushi karatasi hiyo huwapokonya watu kinga yao ya pekee.

Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi, wengi walidhani wizi wa ardhi ungekoma. Haikuwa hivyo. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya mwaka 1962 na 2002, na karibu asilimia 98 kati ya hizo zilitolewa kuanzia mwaka 1986. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa ni enzi ya vyama vingi. Tume haikuwalaumu wanasiasa peke yao. Iliwataja pia mawakili, wapima ardhi, wathamini, wapangaji wa miji na maafisa wa ardhi, ambao walijua sheria na wakaitumia elimu yao kuivunja.

Hapa katika Mji wa Kale wizi huu una sura yake. Nyumba ingali katika jina la marehemu. Warithi ni wengi: mmoja yuko Lamu, wawili wako Maskati, na mabinti wameolewa mbali. Hujitokeza mrithi mmoja mwenye dhiki au mwenye tamaa, akiwa na hati ya uwakala isiyotiwa sahihi na nduguze. Dalali humtafutia mnunuzi. Wakili mmoja huwasimamia muuzaji na mnunuzi pamoja, hapigi simu hata moja kuuliza kama wale wengine wameridhia, na fedha hupita mikononi mwake. Shangazi aliyezaliwa katika nyumba ile hupata habari siku anapoletewa notisi ya kuhama. Wanaoachwa nje mara nyingi ni wanawake, ijapokuwa mafungu yao ya urithi yamebainishwa na sheria ya dini, na Mahakama ya Kadhi iko papa hapa mjini.

Watakaotetea biashara hii watasema kwamba aliyenunua kwa nia njema hana kosa. Na tuitazame kesi ya Nyali, ng'ambo ya daraja. Uwanja wa wazi ufuoni uligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye ukauzwa na kuuzwa tena, hata ukafika kwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta ili wananchi wapate njia ya kufika pwani, na kampuni ikaenda mahakamani. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilikataa madai yake. Ilisema kwamba kuwa na hati mkononi hakutoshi. Sharti ithibitike kwamba ardhi ilipatikana kwa njia ya halali tangu mwanzo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 40, nayo hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana ya hukumu hiyo ni nzito. Mnunuzi aweza kupoteza akiba yake yote kwa sababu ya uovu uliotendwa kabla hajaiona ardhi. Wakili anayefanya upekuzi wa siku moja katika masjala, kisha akamwambia mteja wake "lipa", amemtupa baharini.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, wakili asiwasimamie muuzaji na mnunuzi pamoja katika uuzaji wa nyumba ya urithi. Pili, hati yoyote ya uwakala iliyotoka ng'ambo ithibitishwe na mwenyewe aliyeitoa. Tatu, bodi na vyama vya wataalamu viwafutie leseni walioshiriki ulaghai, badala ya kuwafichia aibu. Nne, afisa anayekataa kugonga muhuri wa uongo alindwe, asiadhibiwe kwa uhamisho.

Nanyi wenye nyumba mna wajibu wenu. Msiuache mirathi ukae miaka thelathini bila kugawanywa. Andikeni majina ya warithi wote, wake kwa waume. Mkisikia fununu ya mauzo, nendeni kwa Msajili mkaweke zuio kabla fedha hazijalipwa.

Kura hubadilisha Serikali mara moja kila miaka mitano, lakini kalamu ya mtaalamu hufanya kazi kila siku, na chini ya kila Serikali. Kwa hiyo mageuzi tunayoyapigania hayatakamilika mpaka mpima, wakili na karani wawe na ujasiri wa kumwambia mkubwa: "Hii siitii sahihi." Siku hiyo mnyakuzi atabaki na tamaa yake bila hati.