Kabla ya Kutia Saini kwa Shirika Changa la Ndege

Leo nawazungumzia vijana walio wachache kwa idadi, ingawa uamuzi wao unamgusa kila anayepanda ndege kwenda Mwanza, Kisumu, Entebbe au Pemba. Ni marubani wetu wapya. Wamemaliza chuo, wana leseni ya urubani wa biashara na saa 200 na kitu angani, nao wako nyumbani wanasubiri simu. Simu ikilia, aghalabu haitoki kwenye shirika lenye jina. Inatoka kwenye kampuni iliyoanza juzi, yenye ndege mbili za kukodi na mipango mikubwa. Kijana aende, asiende?

Nyumbani jibu huwa tayari: kazi ni kazi. Siwalaumu wazazi. Masomo ya urubani ni ghali mno, na kuna familia zilizouza shamba ili mtoto avae zile mbawa kifuani. Kijana naye anajua muda haumsubiri. Ili apate leseni ya juu, ile inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, anahitaji saa 1,500. Kibali chake cha kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo hupimwa upya kila mwaka. Na ili abebe abiria, lazima awe ameruka na kutua walau mara tatu katika siku 90 zilizopita. Rubani anayekaa chini anakosa mshahara na wepesi wa mkono unampotea. Kwa hiyo anayemwambia "subiri shirika kubwa" hajapiga hesabu ya gharama ya kusubiri.

Isitoshe, wapo waliothubutu wakafanikiwa. Precision Air, iliyoasisiwa na marehemu Michael Shirima, ilianza kuruka kutoka Arusha mwaka 1993 kwa Piper Aztec, kindege cha injini mbili chenye viti vichache. Miaka 10 baadaye Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa zake, na mwaka 2011 Precision Air ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Katika mashirika mengi ukubwa wa rubani huhesabiwa tangu siku aliyoajiriwa. Aliyeingia kampuni ikiwa ndogo, kisha ikakua, hukalia kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, mapema zaidi kuliko mwenzake aliyepanga foleni kwenye shirika kongwe.

Lakini kampuni zilizokufa ni nyingi, na inafaa tuulize kila moja iliuawa na nini, maana sababu hazifanani.

Jetlink Express ya Kenya ilisimamisha safari zake Novemba 2012. Abiria walikuwepo na ndege zilikuwa zinaruka, ila fedha za shirika, takribani dola milioni 2, zilikuwa zimekwama Juba. Sudan Kusini ilikuwa imefunga visima vyake vya mafuta mwanzoni mwa mwaka ule, dola zikaadimika, na mapato ya tiketi yakabaki katika sarafu ambayo hakuna aliyeweza kuibadilisha. Kodi ya ndege hulipwa kwa dola. Vipuri vya ndege hununuliwa kwa dola. Shirika likajikuta lina fedha na halina cha kulipia.

Air Uganda haikuwa kampuni ya mfukoni, kwani nyuma yake ulikuwepo mfuko wa maendeleo wa Aga Khan. Ilianza kuruka mwaka 2007. Juni 2014, baada ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, mamlaka ya anga ya Uganda iliyaondolea mashirika ya nchi hiyo vyeti vya uendeshaji. Ukaguzi ule ulikuwa umepima usimamizi wa mamlaka yenyewe. Ndege za Air Uganda zikabaki chini pale Entebbe, na wiki chache baadaye shirika likafunga. Rubani wake anaweza kuwa alifanya kila kitu sawasawa, na bado akarudi nyumbani.

Kisha Fastjet Tanzania. Ilianza Novemba 2012, mwezi uleule Jetlink ilipozima, ikiwa na ndege aina ya Airbus A319 na nauli zilizowawezesha Watanzania wengi kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Baadaye ili kupunguza gharama ikaziacha Airbus na kuchukua Embraer 190, ambazo ni ndogo zaidi. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ikatangaza kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege, na safari zikakoma. Ningemwomba rubani kijana asiyaangalie madeni peke yake katika kisa hiki. Atazame aina ya ndege. Idhini ya kurusha A319 ni ileile ya A320, ndege inayorushwa karibu kila pembe ya dunia, ikiwemo Air Arabia pale Sharjah. Mwenye idhini hiyo na saa za kutosha ana pa kubisha hodi, hata mwajiri wake akifunga ofisi kesho. Anayefundishwa ndege adimu, ambayo eneo zima lina mbili au tatu tu, anabaki na cheti kisicho na soko.

Ndiyo maana kufa kwa kampuni hakunitishi sana. Kijana wa miaka 24 aliyeruka saa 700 kisha kampuni ikafa, ameondoka na saa 700. Zimeandikwa kwenye daftari lake la safari na hakuna mdai atakayezichukua.

Ninachokiogopa ni ile miezi ya kabla ya kufa. Fedha zinapopungua katika shirika la ndege, ofisi inaendelea kupendeza. Upungufu huonekana kwenye karakana. Kipuri kilichopaswa kuagizwa kinanyofolewa kwenye ndege iliyoegeshwa. Hitilafu inayoruhusiwa kuahirishwa kwa siku chache inaahirishwa hadi siku ya mwisho kabisa. Kisha kunaingia mazoea ambayo mafundi wengi wanayajua: rubani anaambiwa hitilafu aiseme kwa mdomo, asiiandike kwenye kitabu cha ndege mpaka arudi kituo kikuu, kwa sababu ikishaandikwa ndege italala huko ilikofika.

Sheria hapo iko wazi. Kanuni za anga zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinampa kapteni neno la mwisho kuhusu ndege yake. Anaweza kukataa kuruka. Lakini sheria hiyo inamhitaji mtu anayemudu kukataa, na rubani kijana ameshafungwa mkono kabla hajaingia chumba cha marubani. Kamba yenyewe ni ule mkataba ambao marubani wanauita bondi. Kampuni inamlipia mafunzo ya simulita kwa aina fulani ya ndege, naye anaahidi kutumika miaka miwili au mitatu; akiondoka mapema, anadaiwa gharama yote. Kwenye shirika imara hilo ni jambo la haki. Kwenye shirika linaloyumba, rubani msaidizi mwenye bondi, asiyelipwa mshahara miezi miwili na mwenye mkopo wa benki nyumbani, ndiye anayeulizwa saa 12 asubuhi kama ile taa iliyowaka jana ni ya kuandikwa. Nyuma yake wamekaa watu 50.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeletewa barua ya ajira, swali la kwanza si mshahara. Uliza bondi inasemaje siku kampuni itakapochelewesha malipo yako. Kama deni linabaki palepale hata mwajiri akishindwa kukulipa, usitie saini mpaka kifungu hicho kibadilishwe, na mwanasheria akisome. Ukiambiwa ulipie mwenyewe mafunzo ya aina ya ndege kwa ahadi ya kuajiriwa baadaye, rudi nyumbani.

Halafu nenda uwanjani, uongee na wanaoijua kampuni kutoka chini ya bawa. Muulize mjaza mafuta kama kampuni inapewa mafuta kwa mkopo au inadaiwa fedha taslimu kabla ya kila safari. Wauza mafuta hunusa kufilisika mapema kuliko wakaguzi wa hesabu. Muulize fundi kama hitilafu huandikwa. Mtafute rubani aliyeacha kazi pale, usiishie kwa aliyepo. Angalia kama michango ya hifadhi ya jamii inafika kweli, kwa sababu makato yasiyowasilishwa huwa ishara ya mapema. Na ujue ndege ni ya nani. Mwenye ndege ya kukodi analindwa na Mkataba wa Cape Town wa 2001; asipolipwa, anaweza kuomba ndege ifutwe kwenye rejista na kuondolewa nchini. Wewe unayedai mishahara ya miezi mitatu huna ulinzi wa namna hiyo.

Majibu yakiwa mazuri, nenda. Nenda hata kama kampuni ina ndege mbili na jina lake halijulikani. Nchi zetu zinahitaji mashirika mapya, na mashirika mapya yanahitaji marubani wenye moyo.

Neno langu la mwisho nalipeleka kwa TCAA, kwa KCAA ya Kenya na kwa wenzao wa Uganda. Kabla ya kutoa leseni mnakagua mtaji wa mwombaji, ndege zake na miongozo yake ya uendeshaji. Ombeni na mikataba ya bondi. Isomeni pamoja na nyaraka za usalama, na pale inapomfunga rubani kwa mwajiri asiyemlipa, muikatae kabla ndege haijabeba abiria wa kwanza.