Miwani ya Jua ya Mvuvi: Mama, Usinunue Giza

Leo tunaongea juu ya macho ya wale wanaokwenda baharini, na jinsi ya kuwachagulia miwani ya jua. Pengine utasema, "Ah, miwani ya jua ni urembo wa vijana wa mjini." Nakuomba usikilize kidogo, kwa sababu pesa za kununua miwani hiyo mara nyingi hutoka katika fundo la leso yako.

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Gazi, pwani ya kusini. Baba hutoka alfajiri kwenda kuvua kwa mshipi. Hurudi adhuhuri macho yakiwa mekundu, yanawasha na kutoa machozi. Mama anamhurumia, anakwenda sokoni na kumnunulia miwani nyeusi tititi, ya bei nafuu. Baba anashukuru, maana jua halimuumizi tena. Lakini je, macho yake yamepata kinga? Pengine yamezidi kudhurika. Kwa nini?

Jua la baharini huleta mambo mawili tofauti. La kwanza ni mng'ao, yaani ule mwanga mkali unaoruka kutoka juu ya maji. Huo unauona, nao hukufanya ukunje uso. La pili ni miale ya urujuanimno, ambayo kwenye vibandiko vya miwani huandikwa UV. Hiyo huioni wala huisikii, nayo hupenya hata siku ya mawingu. Kofia pana husaidia sana, lakini haizuii miale inayotoka chini, majini.

Miale hii hufanya kazi polepole. Baada ya miaka mingi kinyama chaweza kuota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea katikati. Pia huchangia mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika kuona. Na hata siku moja ya jua kali yaweza kuunguza uso wa jicho. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, kama mtu aliyetiwa mchanga.

Sasa, mboni ya jicho ni kama mlango. Penye mwanga mwingi hujifunga, penye giza hufunguka. Ukimvika mtu miwani nyeusi isiyozuia UV, mboni hufunguka, na miale hupata njia pana ya kuingia. Basi weusi wa miwani si kinga. Hata lenzi isiyo na rangi kabisa yaweza kuzuia UV ikiwa imetengenezwa hivyo. Tafuta iliyoandikwa UV400, maana yake inazuia miale hiyo hadi nanomita 400. Na kwa kuwa kibandiko chaweza kubandikwa na yeyote, ukiweza nunua kwa mtaalamu wa miwani. Baadhi yao wana kifaa cha kupima lenzi papo hapo.

Je, ile miwani ya wavuvi inayoitwa ya polaraizi? Mwanga unaoruka kutoka majini hutetemeka zaidi kwa ulalo. Lenzi ya polaraizi ni kama ua wa fito zilizosimama: hupitisha mwanga uliosimama, na huzuia ule uliolala. Mng'ao ukipungua, mvuvi huona chini ya maji: mwamba, wavu, lema lake, hata samaki. Macho hayachoki upesi, na chombo hakigongi mwamba.

Kuijaribu ni rahisi. Tazama maji yanayometameta juani kupitia lenzi moja, kisha izungushe miwani polepole kama mshale wa saa. Kama ni polaraizi, mng'ao utapungua na kuongezeka kadiri unavyozungusha. Usipobadilika, umeuziwa jina tu.

Lakini shika neno hili, mama: polaraizi hupunguza mng'ao, UV400 huzuia miale. Moja haihakikishi nyingine. Uliza zote mbili.

Sasa tuje kwenye lenzi yenyewe. Imetengenezwa kwa nini?

Kwanza, kioo. Huonyesha vizuri sana na hakichunwi upesi na mchanga. Lakini ni kizito, na kikipigwa na chubwi la mshipi chaweza kuvunjika na vipande kuingia jichoni.

Pili, plastiki ngumu ya kawaida. Ni nyepesi na huonyesha vizuri, lakini pigo kali laweza kuipasua.

Tatu, polikaboneti. Hii ni nyepesi na ngumu kuvunjika, ndiyo maana hutumiwa katika miwani ya kinga ya mafundi. Yenyewe huzuia karibu miale yote ya UV. Aibu yake ni kuchunika upesi, basi chagua iliyopakwa utando wa kuzuia mikwaruzo. Kwa anayevua kwa mshipi, ambako ndoana na chubwi huruka, hii ndiyo ningekushauri.

Pesa zikiwa chache, anza na polikaboneti yenye UV400. Polaraizi ifuate ukijaliwa. Rangi ya kijivu hufaa bahari kuu, na kahawia hufaa maji ya kina kifupi. Miwani iwe imezunguka pembeni mwa macho, na ifungwe kamba isianguke majini. Jua likizama, ivuliwe.

Ikirudi nyumbani, usiipanguse kwa pindo la leso ikiwa kavu. Chumvi na mchanga vitaichuna. Isuuze kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha uipanguse kwa kitambaa laini cha pamba.

Na wewe je? Wewe unayelima mwani, unayetafuta pweza maji yakitoka, au unayeanika omena ziwani, jua lako ni lile lile. Jitafutie miwani na kofia pia. Mtoto mchanga mweke kivulini. Jicho la mtoto hupitisha miale mingi zaidi hadi ndani, basi usimvishe miwani nyeusi ya kuchezea.

Mwisho, hatari. Ndoana ikiingia jichoni, usiivute, usisugue, usibonyeze. Funika jicho kwa kikombe safi bila kuligusa, kisha mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Usitie maziwa ya mama, dawa za miti wala matone yaliyobaki ya mtu mwingine. Na ukiona kinyama kinatambaa au mboni inakuwa nyeupe, usingoje. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena.

Basi yule mama wa Gazi hakukosa huruma, alikosa maswali matatu tu. Wewe unayo sasa: Je, inazuia UV? Je, inapunguza mng'ao? Je, ikipigwa itavunjika? Muuzaji asipoweza kujibu, funga fundo la leso yako, uende duka jingine.

Mwambie na jirani yako.